Abebe Bikila: Miguu ilipogoma, alishindana kwa mikono

USIKU wa Machi 22, 1969, gari dogo aina ya Volkswagen lilipinduka nchini Ethiopia. Dereva alibanwa ndani hadi asubuhi, ndipo alipotolewa na kupelekwa hospitali ya Walinzi wa Mfalme, kikosi alichokuwa akitumikia. Alikuwa amepooza. Hata kugeuza kichwa hakuweza.

Dereva huyo alikuwa Abebe Bikila, bingwa mara mbili wa marathoni ya Olimpiki. Alikuwa na umri wa miaka 36, na kila alichokuwa amekipata maishani alikipata kwa miguu yake.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, Shewa, na utotoni alichunga mifugo. Alipofika Addis Ababa alijiunga na Walinzi wa Mfalme, na huko akakutana na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen, aliyekuwa akiwanoa wanariadha wa Ethiopia.

Mwaka 1960 alikwenda Roma akiwa hajulikani. Viatu alivyojaribu vilimbana, akaamua kukimbia peku kama alivyozoea mazoezini. Njia ya mbio hizo ilipita kwenye mnara wa kale wa Axum, ambao Italia iliuchukua Ethiopia ilipoivamia nchi hiyo miaka ya 1930. Ni karibu na mnara huo, zikiwa zimebaki hatua za mwisho, ambapo Abebe alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza usiku, kwenye tao la Constantine, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda uliokuwa rekodi ya dunia. Hakuna Mwafrika mweusi kutoka kusini mwa Sahara aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Miaka minne baadaye, wiki chache tu kabla ya michezo ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi walidhani hataweza kushindana. Alishinda kwa tofauti ya zaidi ya dakika nne, kisha akaanza kunyoosha viungo uwanjani huku watazamaji wakisubiri mshindi wa pili atokee. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Katika michezo hiyo hiyo, Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki.

Mexico, mwaka 1968, mwili ulianza kumgomea. Akiwa na jeraha la mguu, alijitoa baada ya takriban kilomita 17, na Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, akashinda. Mbio hizo ndizo ambazo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, lakini akachechemea hadi uwanjani, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watu wa Afrika Mashariki wamezoea kumsifu Akhwari kwa kumaliza, na ni haki yake. Mtihani wa Abebe ulikuja miezi mitano baadaye, nao haukuwa na mstari wa kumalizia.

Wiki moja baada ya ajali alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akakaa huko miezi minane. Malkia Elizabeth II alimtembelea, na kadi za kumtakia nafuu zikamfikia kutoka pembe zote za dunia. Polepole mikono ilirudi kufanya kazi. Miguu haikurudi.

Hospitali hiyo ilikuwa na historia yake. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, alifungua hapo kituo cha majeraha ya uti wa mgongo mwaka 1944. Aliamini kuwa michezo ni sehemu ya tiba, na mwaka 1948 akaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu. Mwaka 1960 mashindano yaliyotokana na hayo yalifunguliwa Roma, siku nane tu baada ya Abebe kushinda katika jiji hilo hilo. Leo yanaitwa Paralimpiki.

Kwa hiyo Abebe hakuambiwa asubiri miguu. Alipewa upinde. Julai 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville, akilenga shabaha na kucheza tenisi ya meza. Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Hakuridhika kukaa jukwaani. Aliingia mashindanoni, na katika mbio za sledi zinazovutwa na mbwa kwenye theluji, mchezo ambao nyanda za Shewa hazikumfundisha, akawashinda wote.

Hakudai kwamba ajali ilikuwa baraka. Alieleza kuwa alipokea ushindi na msiba kwa namna moja, vyote vikiwa mapenzi ya Mungu, na kwamba ilimbidi aishi navyo vyote viwili. Mtu aliyepokea dhahabu bila majivuno alipokea na kiti bila kujiona amekwisha.

Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima Munich, michezo ambayo John Akii-Bua aliipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza. Watazamaji walisimama kumpigia makofi. Frank Shorter wa Marekani, baada ya kuvishwa medali ya marathoni, alimfuata kwenye kiti chake kumpa mkono.

Abebe alifariki dunia Oktoba 25, 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na miaka 41, akiacha mke na watoto wanne. Maelfu ya watu, akiwamo Mfalme Haile Selassie, walihudhuria mazishi yake.

Kila bingwa wa marathoni kutoka ukanda huu anapita katika njia aliyoifungua yeye, peku, usiku ule wa Roma. Waliolazwa wodini wakiambiwa hawatatembea tena wana jambo jingine la kukumbuka kutoka kwake: hakusimama tena hadi anakufa, lakini ndani ya miaka miwili na mwezi mmoja tangu ajali alikuwa ameshinda mbio nyingine.