Dennis Ritchie, mmoja wa watu waliofundisha kompyuta namna ya kuamka

Kila mara mtu anapowasha simu ya Android, iwe Goma, Bukavu ama Bunia, kuna programu moja ndogo inayoamka mbele ya programu zingine zote. Jina lake ni init, na namba yake ni 1. Ni kama mama anayeamka alfajiri, anawasha moto, kisha anaita watoto mmoja mmoja. Yenyewe ndiyo inaita mtandao, sauti na kioo. Desturi hiyo ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mmoja wa watu walioianzisha ni Dennis Ritchie, aliyefariki mwaka wa 2011.

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tisa mwaka wa 1941 huko Bronxville, katika jimbo la New York. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtaalamu katika maabara ya Bell, mali ya kampuni ya simu AT&T. Kijana alisoma fizikia na kisha hesabu katika chuo kikuu cha Harvard. Aliandika kazi yake ya udaktari, lakini hakupata digrii yenyewe. Mwaka wa 1967 aliingia kazini mahali pale pale baba yake alipotumika.

Wakati ule maabara ya Bell ilikuwa inashirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kutengeneza mfumo mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Kazi ilichelewa, na mwaka wa 1969 Bell ikajitoa. Ritchie na rafiki yake Ken Thompson hawakutaka kurudi nyuma. Thompson alipata mashini ndogo ya zamani, PDP-7, na juu yake wakaanza kujenga mfumo wao, Unix. Wazo lao lilikuwa jepesi: kila programu ifanye kazi moja tu, na iifanye vizuri.

Hata kuamka kwa mashini kulifuata wazo hilo. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1971, kinataja tayari init. Baadaye kazi yake ilipangwa hivi: kiini cha mfumo kikishawaka, kinaanzisha init peke yake. Init inasoma faili moja ya maandishi, rc, yenye amri zinazofuatana kutoka juu hadi chini. Jina hilo rc linatokana na runcom, desturi ya mfumo wa zamani wa MIT. Kisha init inafungua kila mashini ya kuandikia iliyounganishwa. Mtu akimaliza kazi na kutoka, init inaifungua tena kwa ajili ya mwingine.

Lakini kulikuwa na upungufu. Init ililinda milango ya watumiaji tu. Huduma zilizoanzishwa na rc zilibaki bila mlinzi: ikikufa moja usiku, hakuna aliyeiamsha hadi msimamizi agundue mwenyewe.

Kazi kubwa zaidi ya Ritchie ilikuja mwaka wa 1972, alipotengeneza lugha ya programu inayoitwa C. Mwaka wa 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Kwa njia hiyo mfumo uliweza kuhamishwa kutoka mashini ya aina moja hadi nyingine bila kuandikwa yote upya. Mwaka wa 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu kuhusu C, ambacho wanafunzi wanakisoma hadi leo.

AT&T ilikuwa imefungwa na makubaliano ya mwaka wa 1956 na serikali ya Marekani, haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta. Kwa hiyo Unix ilitolewa kwa vyuo vikuu kwa bei ndogo, na familia ikagawanyika. Chuo cha Berkeley kilitengeneza tawi la BSD, ambalo lilishika njia ya faili ya rc. Faida yake ni kwamba mtu anaisoma yote na kuielewa. Hatari yake ni kwamba kosa moja katikati linaweza kusimamisha kuamka kote.

AT&T yenyewe ilitoa System V mwaka wa 1983. Katika njia hiyo, kila huduma ilikuja kuwa na faili yake, inayojua kuanza na kusimama, na namba kwenye majina ndizo zilipanga zamu. Kuongeza huduma kukawa rahisi, ila zamu ilibaki ya mmoja mmoja, na msimamizi alipaswa kuchagua namba mwenyewe. Mwaka wa 2000, NetBSD, mtoto wa BSD, iliacha namba: kila faili inasema inahitaji nini, na mashini inapanga yenyewe.

Mabadiliko makubwa yalifika kwa Linux mwaka wa 2010, kwa systemd. Hii inaamsha huduma nyingi kwa wakati mmoja, inazilinda, na inaweza kufufua iliyoanguka. Wasimamizi wengi walifurahi. Wengine walilalamika kwamba namba 1 imebeba mizigo mingi, na ikianguka yenyewe, mashini nzima inasimama. Mwaka wa 2014 kamati ya Debian ilipiga kura, zikalingana, na mwenyekiti ndiye aliyeamua kwa upande wa systemd. Wasiokubali walijitenga na kuanzisha Devuan.

Ritchie hakuuona ugomvi huo. Alikuwa amepokea tuzo ya Turing pamoja na Thompson mwaka wa 1983, akastaafu mwaka wa 2007, na akaendelea kuishi kimya huko New Jersey. Tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 70. Wiki moja mbele, dunia ilikuwa imemlilia Steve Jobs wa Apple. Kifo cha Ritchie kilitajwa kidogo tu, ingawa mashini za Apple zenyewe zinasimama juu ya ukoo wa Unix.

Wanaotetea systemd na wanaoipinga wote ni warithi wake. Programu yenyewe inayogombaniwa imeandikwa kwa lugha ya C, na init za BSD na System V pia.