Rudolf Schindler, munganga aliyetaka kuona ndani ya tumbo

Mtu anatapika damu, ama choo kinatoka cheusi kama lami. Damu inatokea wapi? Zamani munganga alikuwa anakisia tu, ama anapasua tumbo ili aone. Rudolf Schindler ni mmoja kati ya wale waliobadilisha mambo hayo.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1888. Katika vita ya kwanza ya dunia alikuwa munganga wa jeshi, akaona askari wengi wanateswa na tumbo. Tangu hapo akatafuta namna ya kuona ugonjwa kwa macho. Lakini vifaa vya wakati ule vilikuwa vyuma vilivyonyooka. Vikitoboa njia ya chakula, mgonjwa anaweza kufa.

Mwaka 1932, pamoja na fundi Georg Wolf, Schindler alipata kifaa chenye lenzi nyingi ambacho upande wake wa chini unapinda. Hatari ikapunguka sana. Bibi yake, Gabriele, ndiye alikuwa anashika kichwa cha mgonjwa na kumtuliza, juu mgonjwa alikuwa hajalala.

Kisha Wanazi wakachukua utawala. Schindler, mwenye asili ya Kiyahudi, akatupwa gerezani. Alipotoka, alikimbilia Chicago, Marekani, mwaka 1934, na kule akafundisha waganga wengine kazi hiyo. Mwaka 1941 alianzisha chama chao. Alirudi Ujerumani katika uzee, akafariki Munich mwaka 1968.

Kifaa chake kilikuwa cha kuangalia tu, hakikuweza kufunga damu. Lakini wengine walipitia njia ile ile. Mwaka 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitumia mpira wa nyuzi za kioo unaopinda wote. Leo, kupitia mpira kama huo, munganga anapiga sindano kwenye kidonda kinachotoa damu, anakichoma kwa moto kidogo, ama anakibana kwa kibanio. Mishipa iliyovimba kwenye njia ya chakula anaifunga kwa kipete cha mpira. Tumbo halipasuliwi.

Kwetu, mtu akitapika damu, wengi wanasema haraka ni sumu, na siku zinapita nyumbani. Ndugu msikilizaji, mara nyingi ni kidonda cha tumbo ama mishipa iliyopasuka. Usingoje. Mpeleke hospitali siku ile ile.