Tolkien: Profesa aliyeanza na lugha, hadithi zikafuata

WAPENZI wa hadithi na filamu za kubuni katika nchi mbalimbali hujifunza kwa bidii lugha zisizo na taifa wala kabila. Wapo wanaosoma Kiklingoni cha filamu za Star Trek, na wapo wanaosoma Kinavi cha filamu ya Avatar ya mwaka 2009. Miongoni mwa waliotangulia kuifungua njia hiyo ni profesa wa Uingereza, marehemu John Ronald Reuel Tolkien.

Tolkien alizaliwa Januari 3, 1892, Bloemfontein, mji ambao leo umo nchini Afrika Kusini. Baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa benki, alifariki dunia mwaka 1896. Mama yake, aliyemfundisha Kilatini, alifariki mwaka 1904 na kumwacha akiwa yatima wa miaka 12, chini ya malezi ya padri wa Kanisa Katoliki.

Akiwa mwanafunzi Oxford, alikutana na sarufi ya Kifini na kuvutiwa mno na sauti zake. Mwaka 1915 akaanza kuunda lugha ya Kikwenya. Baadaye alitunga Kisindarini kwa kufuata matamshi ya Kiwelshi.

Mwaka 1916 alipelekwa vitani Somme, Ufaransa. Vita vile viliwaua rafiki zake wawili wa tangu shuleni, naye akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa. Alipokuwa akipata nafuu ndipo alipoandika hadithi za kwanza za watu ambao wangezungumza lugha zake.

Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo faraghani. Katika mhadhara wa mwaka 1931 aliieleza, nusu kwa mzaha, kuwa ni uraibu wa siri. Siri hiyo ilifichuka vilivyo kitabu chake cha The Lord of the Rings kilipotoka kati ya mwaka 1954 na 1955, na wasomaji wakaanza kumwandikia barua kumuuliza maana za maneno.

Tolkien hakuwahi kuzikamilisha lugha hizo, kwa kuwa kila mara alizibadilisha. Alipofariki Septemba 2, 1973, akiwa na umri wa miaka 81, aliacha rundo la maandishi ambayo wapenzi wake wamekuwa wakiyachambua hadi leo. Filamu za mwaka 2001 hadi 2003 zilipotengenezwa, mwanaisimu David Salo alilazimika kuunda maneno ya kujaza mapengo.

Amezikwa Oxford pamoja na mkewe, Edith. Juu ya kaburi lao yamechongwa pia majina Beren na Lúthien, wapendanao wa hadithi zake, majina aliyoyatoa katika lugha alizozibuni mwenyewe.