Michael Elliott: Buda wa London Aliyeitoa Jasho Pareto ya Gusii

Kama jana ulilala ndani ya neti, iwe ni Pipeline ama kwa shosho Magwagwa, kuna buda mmoja wa London unafaa kumshukuru. Na kama babu yako wa Nyamira alisomesha watoto na doo ya pareto, basi na huyo huyo buda uko na kesi.

Michael Elliott alizaliwa London 1924. Akasoma kemia, na 1948 akaingia Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Harpenden, nje kidogo ya London. Kazi aliyokuta huko ilikuwa juu ya ua moja tu: pareto.

Hilo ua si la kwetu kiasili, lilitoka Dalmatia huko Kroatia. Lakini lilipofika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 lilinoga, na baadaye milima ya Gusii ikalipenda kabisa. Watu walichuma kwa mkono, wakaanika, wakapeleka kwa ushirika, mzigo ukaishia Nakuru. Kuna miaka Kenya pekee ilikuwa inatoa zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Karo, mabati, ng'ombe wa mahari, yote ilitoka hapo.

Dawa ya pareto inaangusha mdudu chap chap na haisumbui sana binadamu. Shida yake ni jua. Ukiinyunyiza shambani asubuhi, jioni hakuna kitu.

Elliott alipambana na hiyo shida miaka 25. Anabadilisha kipande hiki cha molekuli, anapima kwa nzi, inakataa, anarudi mezani. 1967 akatoa resmethrin, kali kuliko ua lenyewe, lakini jua bado likaimaliza. Halafu 1973, yeye na wenzake Norman Janes na David Pulman wakatoa permethrin. Hii jua halikuiweza. Mwaka uliofuata ikaja deltamethrin, kali hata zaidi.

Haki za uvumbuzi zilienda kwa NRDC, shirika la serikali ya Uingereza. Marekani nayo ikatoa patenti ya permethrin 1977.

Sasa cheki hii. Wasomi wa uchumi wakitaka kujua nchi gani iko na akili ya kuvumbua, wengi huhesabu patenti ambazo Marekani imewapa wageni. Wanasema soko la huko kila mtu analitaka, na ofisi ni moja, kwa hivyo wote wanapimwa sawa. Kwa hesabu hiyo, Elliott ni pointi ya Uingereza. Gusii ni sufuri. Watafiti wa Molo waliohangaika kuzalisha aina za pareto zenye dawa nyingi zaidi? Hao pia patenti yao Marekani hakuna, kwa hivyo hawaonekani.

Na usidhani nyumbani ilikuwa rahisi. Hadi sheria mpya ilipoanza kazi 1990, hungepata patenti Kenya bila kuanzia Uingereza. Nairobi ilikuwa inasajili tu ile ya Mwingereza. Fundi wa Magwagwa angeanzia wapi?

Manze, sisemi Elliott aliiba. Zile molekuli ni jasho lake. Na pareto haikuuawa na yeye pekee: viwanda vya nje vilipohamia dawa za maabara soko lilibanwa, lakini kilichofanya watu wang'oe maua ni kukaa miezi, wengine miaka, bila kulipwa pesa zao hapa hapa Kenya. Hiyo usimwekelee mzungu.

Heshima alipata. 1979 akaingia Royal Society, 1989 akashinda tuzo ya Wolf ya kilimo. Akafa 2007.

Kufikia hapo patenti ya permethrin ilikuwa imeisha muda, yeyote angeweza kuitengeneza. Arusha, kiwanda cha A to Z kilikuwa tayari kinafuma neti zenye hiyo permethrin ndani ya nyuzi. Ufundi wa kuiingiza kwa uzi walipewa bure na Sumitomo, kampuni ya Japani.