Kaposi, mtu aliyejichagulia jina

Wengi wetu katika kitivo hiki tunalijua neno Kaposi, ila tunalijua kama jina la ugonjwa, na tukilitaja tunashusha sauti. Ninataka kulirudisha kwa mwenyewe. Kazi yetu sisi ni maneno, na neno hili limetwishwa mzigo ambao mwenye jina hakuwahi kuuona.

Alizaliwa Moritz Kohn, tarehe 23 Oktoba 1837, katika mji wa Kaposvár huko Hungaria, kwenye familia ya Kiyahudi isiyokuwa na mali. Alisomea udaktari Vienna na kumaliza mwaka 1861. Kisha akaingia katika kliniki ya Ferdinand von Hebra, mwalimu aliyeyapanga magonjwa ya ngozi kwa kuyatazama kwa makini siku hadi siku, na si kwa kusema tu kwamba damu ya mgonjwa imechafuka. Kijana akawa msaidizi wake, akabatizwa Mkatoliki, akamwoa Martha, binti ya mwalimu. Hebra alipofariki mwaka 1880, mkwewe ndiye aliyerithi kiti chake. Unaweza kukisia mwenyewe wenzake walisema nini katika vibaraza vya hospitali.

Mwaka 1871 alibadili jina. Inaelezwa kwamba akina Kohn walikuwa wengi mno kati ya madaktari wa Vienna, na yeye hakutaka kuchanganywa nao. Ukiligawanya jina jipya kama tunavyofanya darasani, utaona jambo. Kapos ni mto, vár ni ngome, na -i ya mwisho ni kiambishi tamati cha Kihungaria chenye kuonyesha mtu au kitu kinatoka wapi. Ndiyo kazi ileile ifanywayo na -i ya Kiarabu katika neno Shirazi, ingawa lugha hizo mbili si ndugu. Kaposi basi ni mtu wa Kapos. Wapo wanaoona kwamba alikuwa akificha asili yake. Mimi sikubaliani nao kabisa: jina la ukoo aliliacha, ni kweli, lakini alijifunga kwa mji mdogo aliozaliwa, ambao hakuna mtu Vienna angemsifu kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata, 1872, alitoa makala juu ya wanaume watano, watu wazima, waliotoka madoa na vinundu vya rangi ya zambarau au kahawia, hasa kwenye miguu na mikono. Alieleza kwamba vinundu huenea, kwamba mwili ulipopasuliwa baada ya kifo vilionekana hata ndani, na kwamba kuvikata hakusaidii. Ugonjwa aliupa jina refu la Kijerumani na Kilatini lenye kusema: sarkoma ya ngozi, nyingi, yenye rangi, isiyo na chanzo kinachojulikana. Baadaye alilitoa neno la rangi akaweka la kuvuja damu, maana ile rangi ilitokana na damu iliyovuja katika ngozi. Hapo namheshimu sana, kwa kusahihisha jina alilolitunga mwenyewe. Mwaka 1891 daktari mwingine, Köbner, alipendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Kaposi. Alipofariki Vienna tarehe 6 Machi 1902, jina lilikuwa limekwisha kuwa la wote.

Katika lile jina refu, karibu kila neno limeanguka. Chanzo kimejulikana: mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, mjini New York, walipata kirusi cha jamii ya herpesi, cha nane kwa wanadamu, ambacho huambukizwa zaidi kwa mate. Hata sarkoma si neno sahihi sana. Seli zinazougua zinafanana na zile zinazotandika mishipa ya limfu kwa ndani. Kirusi huzigeuza ziwe ndefu na nyembamba, zikajenga vijia vya damu vyenye kuvuja. Lakini kirusi peke yake mara nyingi hakitoshi. Watu wengi hukibeba maisha yote bila doa hata moja, mpaka kinga ya mwili ilegee.

Hapa ndipo tunapoingia sisi watu wa Kongo. Kilichokuwa adimu Vienna kilikuwa kikionekana mara nyingi mashariki ya Kongo na Uganda, hata wataalamu wakakutana Kampala mwaka 1961 kukijadili. Mwaka huo ni miaka 20 kabla ya ripoti za kwanza za Marekani juu ya vijana wenye madoa hayohayo, zilizofungua habari ya UKIMWI. Tangu hapo jina la Kaposi limekuwa kwa watu wengi jina la pili la UKIMWI. Mzee mmoja wa ukoo wetu alitoka vinundu mguuni. Vipimo vya VVU vilirudi safi mara mbili, na bado majirani waliacha kula kwake. Ilitosha kwamba muuguzi alilitamka jina mbele ya watu.

Madaktari hutenganisha aina nne: ile ya wazee aliyoiona Kaposi, ile ya Afrika, ile ya waliopandikizwa viungo, na ile ya wenye VVU. Ile ya Afrika kwa wazee huweza kwenda polepole miaka mingi. Kwa watoto huvamia mitoki na kuua upesi. Matibabu nayo hutofautiana. Mwenye VVU huanza kwanza dawa za kupunguza makali, na mara nyingine vinundu hufifia kwa hizo tu. Aliyepandikizwa kiungo hupunguziwa dawa zinazoilegeza kinga yake. Vinundu vichache hupigwa mionzi, na vikienea hutumiwa dawa kama paklitakseli au doksorubisini. Yule mzee alipewa dawa kwa mzunguko wa wiki tatu tatu. Mguu umepungua uvimbe, anatembea hadi sokoni, na akiulizwa anaumwa nini hujibu kwamba ni mguu tu.