Dennis Ritchie, mtu aliyeacha faili za .h

Bukavu – Simu za Android zinazouzwa mezani kule Nyawera zina majina ya kampuni nyingi mgongoni, lakini ndani zote zinaendeshwa na Linux, na Linux imeandikwa sehemu kubwa kwa lugha ya C. Aliyeitunga C, Mmarekani Dennis Ritchie, si wengi mjini wanaomjua, hata kati ya wanafunzi wa informatiki wanaoandika #include kila siku.

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tisa 1941 huko Bronxville, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mtaalamu wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Dennis alisoma fizikia Harvard, na mwaka 1967 akaingia kazi kule kule kwa baba. Tasnifu ya udaktari aliiandika, ila shahada yenyewe hakuipata.

Mwaka 1969 mwenzake Ken Thompson alianza Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, na Ritchie akaungana naye. Mifumo mingi ya wakati ule iliandikwa kwa lugha ya mashine moja tu. Ukibadili mashine, unaanza upya. C ilizaliwa humo, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo.

Programu kubwa hukatwa vipande, na vipande lazima vielewane. Ndiyo sababu kati ya 1972 na 1973 C ilipata faili za kichwa, zile zinazoishia kwa .h. Alan Snyder alikuwa kati ya waliosukuma jambo hilo, na lugha za BCPL na PL/I zilikuwa tayari na kitu cha namna hiyo. Faili ya kichwa ni orodha ya makubaliano: majina, aina ya vitu, ukubwa wake. Ukweli ni kwamba Ritchie alichagua njia fupi. #include inabandika tu maandishi mahali pake, basi.

Matokeo yake, ukibadili orodha, kipande ambacho hakijatafsiriwa upya kuwa namba za mashine kinaendelea kuamini ile ya zamani. Mara nyingi hakuna onyo. Programu inatoa tu majibu mabaya. Uzembe wa kutotafsiri upya uliwauma hata Bell Labs: Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa alilokuwa amekwisha kulisahihisha. Stuart Feldman, aliyesikia malalamiko yake, akatengeneza Make mwaka 1976. Chombo hicho kinaangalia saa ya kila faili na kujenga upya kile tu kilichopitwa.

Lugha zikiwa mbili, mambo yanazidi kuwa magumu. Katika toleo la sita la Unix, la 1975, sehemu chache zilibaki kwa lugha ya mashine, na chombo cha kuitafsiri hakikuweza kusoma faili za C. Namba 16, kipimo cha nafasi ambamo mfumo unaweka habari za kila programu inayoendeshwa, iliandikwa mara mbili: katika param.h, kisha kwa mkono katika m40.s. Kubadili moja na kusahau nyingine kulikuwa kujitafutia taabu.

Taabu hiyo bado ipo kwa wanaochanganya C na Swift au Rust. Faili za .h zimekuwa kama Kiswahili cha soko la Kadutu: Mushi, Mrega na Mbembe kila mmoja ana lugha ya nyumbani, lakini bei inapatanwa kwa moja. Chombo cha kujenga kinapaswa kuzigeuza kwanza kwa lugha ya pili, na kurudia kila zinapobadilika.

Ritchie alitoa kitabu cha C pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978, akapata tuzo ya Turing na Thompson mwaka 1983, akastaafu 2007. Tarehe 12 mwezi wa kumi 2011 alikutwa amekufa nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Magazeti yalikuwa bado yanamlilia Steve Jobs, aliyefariki wiki moja mbele. iPhone ya Jobs inaendeshwa na mfumo wa ukoo wa Unix, na ndani ya vyombo vya kuitengenezea programu, stdio.h imo.