Newton: Mtoto wa mkulima aliyepima joto kwa saa, swali likaja kuibuka Iringa

Asubuhi ya Julai pale Mwanjelwa, Mbeya, iache chai kidogo tu upokee simu. Ukirudi imeshapoa. Dakika za mwanzo ndizo inapoteza joto jingi, baada ya hapo inapoa taratibu.

Aliyetuwekea kanuni ya jambo hilo ni Isaac Newton, na kanuni yake ina kisa Iringa. Tutafika huko.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mtoto alipofika miaka 3 mama akaolewa tena na kumwacha kwa bibi.

Hakusahau. Akiwa na miaka 19 aliorodhesha dhambi zake kwenye daftari, na mojawapo ilikuwa kumtishia mama na baba wa kambo kwamba angewachoma moto pamoja na nyumba yao.

Mama alitaka awe mkulima, ikashindikana. Dogo alikuwa wa vitabu. Juni 1661 akaingia Trinity, Cambridge, huku akiwatumikia wanafunzi wenye hela ili kupunguza gharama. Mwaka 1665 tauni ikafunga chuo, akarudi kijijini, na huko akaanza kazi zake za hisabati, mwanga na mvutano. (Stori ya tufaha mnaijua, tuiruke.) Mwaka 1669, akiwa na miaka 26 tu, akawa profesa. Mwaka 1687 akatoa Principia, kitabu kilichobadili fizikia yote.

Hakuoa, na kwa ugomvi na wanasayansi wenzake alikuwa hatari. Mwaka 1696 alihamia London kusimamia kiwanda cha sarafu za Serikali, akawa anawasaka wanaoghushi hela.

Akiwa na cheo hicho, mwaka 1701 jarida la Royal Society likachapisha andiko lake fupi kwa Kilatini. Halikuwa na jina lake.

Alichotaka kujua ni kitu ambacho hata mama ntilie angeuliza: makaa ya jikoni yana joto kiasi gani hasa? Kipimajoto chake kilikuwa cha mafuta ya mbegu za kitani. Kwenye kipimo alichojitungia, maji yanapoganda ni 0, mwili wa binadamu ni 12, maji yanayochemka ni kama 34. Lakini chombo kile hukiingizi kwenye makaa.

Akaamua kutumia saa. Alichukua kipande cha chuma, akakipasha hadi kikawa chekundu, akakiweka mahali penye upepo usiokatika. Juu yake akaweka vipande vya risasi, bati na michanganyiko ya metali, akaandika kila kimoja kimeganda baada ya muda gani, hadi chuma kikafikia joto la mwili.

Alichukulia hivi: joto linalotoka kwenye kitu kila dakika hutegemea tofauti yake na hewa inayokizunguka. Tofauti ikiwa kubwa, kinapoa haraka. Ikipungua nusu, na kasi inapungua nusu. Kwa hesabu hiyo akarudi nyuma hadi kwenye moto wa jikoni, akapata 192.

Tuseme chai yako ina nyuzi 76 na hewa ya asubuhi ni 12. Tofauti ni 64. Kama baada ya dakika 20 imeshuka hadi 44, basi dakika 20 zinazofuata itashuka hadi 28 tu, kisha 20. Ndiyo maana mwanzo inakukimbia.

Mwaka 1703 akawa rais wa Royal Society, akafariki Machi 1727 na kuzikwa Westminster Abbey. Kanuni ikabaki madarasani.

Baadaye ilikuwa inafundishwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, mwanafunzi Erasto Mpemba akanyoosha mkono. Mwaka 1963, akiwa Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Kwa nini?

Mwalimu alikataa. Kwa Newton, haiwezekani: maziwa ya moto lazima kwanza yashuke hadi pale ya mwenzake yalipoanzia, na kufikia hapo mwenzake ameshasonga mbele. Mpemba akaambiwa hiyo ni fizikia yake mwenyewe, siyo ya dunia. Darasa likageuza utani.

Ila chuma cha Newton hakikutoa mvuke, na kilipulizwa na upepo muda wote. Maziwa kwenye friza yanatoa mvuke na yanazunguka ndani kwa ndani. Mpemba alimuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyeitembelea shule. Osborne hakumcheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha andiko katika jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo linatokea kweli na kwa sababu gani, lakini safari hii jina lilikuwepo, na dunia inaliita athari ya Mpemba.

Mkwawa sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Walimu wa fizikia wanaandaliwa palepale.